Ubavu wa Plai Nne

Mjomba wangu alichagua matairi kwa goti. Usicheke. Watu walitoka mbali kuja kumwona mzee wa miaka sitini na tatu akilaza tairi tupu sakafuni, akipiga goti moja juu ya ubavu wake, akiegemea na kufumba macho kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha akasema, "Hili litavuta tela," au, "Hili kapelekee watoto shule." Hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Goti, na hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja, siku nyingine ulimi ulimteleza akamwita hivyo.

Na kwa gari la kuvuta tela alikuwa na haki ya kujidai. Watu wengi wakinunua tairi wanaangalia meno, kama wanaonunua ng'ombe. Tela haliogopi meno. Tela likishajaa mzigo linalisukuma gari kutoka nyuma, likilivuta huku na huku, na kazi yote hiyo inabebwa na ubavu wa tairi. Ubavu laini hukunjika kwenye kila kona, gari likaanza kuyumba, tela nalo likaongeza lake, mpaka dereva hajui nani anamwendesha nani. Ubavu mgumu unasimama. Ugumu huo unatokana na tabaka za nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, sisi tunaziita plai, na hesabu yake imeandikwa hapohapo ubavuni. Nne ni za kwenda sokoni na kurudi. Kumi ndizo za kazi.

Kama imeandikwa, goti la nini? Nilimuuliza hivyo mwaka wangu wa kwanza dukani. Akanijibu, "Namba inaandikwa na mtu asiyemjua dereva." Wateja waliokuwepo wakacheka, wakamwona ana hekima. Mimi nilimwona ana majibu tu.

Ni yeye aliyenileta pale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kila kilichofelika, na mama alikuwa amechoka kunitazama nikilala sebuleni. Mjomba alinishika mkono, akamwambia tajiri wetu, "Huyu ni damu yangu, akiharibu kitu nikate mimi." Akanifundisha kila kitu. Hakuwahi kunitukana. Kwa miaka kumi na moja nilisimama kaunta nikiwa nimekariri kila saizi na kila uzito, na kwa miaka kumi na moja kila mteja aliyeingia aliniangalia kama kiti kilichowekwa njiani, akauliza, "Goti yupo?" Wanasema asante ya punda ni mateke. Mimi punda huyo ninamwelewa kabisa. Jaribu wewe kushukuru kila siku, asubuhi mpaka jioni, kwa mtu mmoja.

Miaka miwili iliyopita macho yake yakaanza kuingia ukungu. Aliyejua ni mimi tu. Tajiri angejua, angemwonyesha mlango siku hiyohiyo. Kwa hiyo mjomba alikuwa ananivuta nyuma ya mnara wa matairi na kuninong'oneza, "Nisomee." Namsomea plai, kisha namsomea mwaka wa kutengenezwa. Mwaka ndio uliomhangaisha zaidi, kwa sababu mpira ukikaa miaka mingi stoo unakauka na kuwa mgumu wenyewe, na goti haliwezi kutofautisha ugumu wa nguvu na ugumu wa uzee. Zamani alikuwa akitazama nyufa ndogondogo kwenye mikunjo ya ubavu. Sasa nyufa hizo nilimtazamia mimi. Akaanza kuniita Macho. "Macho, njoo." Nilichukia hilo jina kuliko njaa.

Kisha ukaja ukame wa wateja, na tajiri akatuita wawili. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mgumu wa roho. "Mwisho wa mwezi nabaki na mchaguaji mmoja," akasema. "Sijasema nani." Mjomba akacheka, akanipiga bega. Alidhani tajiri anatania.

Jumapili duka likiwa limefungwa niliingia na ufunguo wa mjomba. Nyuma kabisa ya stoo kulikuwa na matairi manne ya plai nne, yana miaka tisa pale, saizi ileile ya pikapu za kuvuta tela. Yalikuwa yamekauka kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Niliyasugua kwa dawa ya kung'arisha mara tatu, nikaijaza kwenye kila ufa kwa mswaki, mpaka yakawa meusi, yananuka upya. Nikayapanga juu ya mnara wa matairi ya plai kumi, chapa moja, sura moja. Mpango wangu ulikuwa mdogo na mbaya: ayapitishe kwa goti mbele ya watu, kisha mimi niyainue na kusoma kwa sauti. Nilitaka kuwasikia wakinyamaza.

Jumatatu akaja dereva wa matofali, mtu wa maneno mengi, na pikapu yake na tela lake. "Naushuka ule mteremko mara mbili kwa siku," akasema. "Tela linanisukuma kama mama mkwe. Nipeni kitu kitakachosimama."

Mimi nikamfungulia kitabu cha saizi. "Kwa mzigo wako wewe..."

"Goti yupo?"

Mjomba akatoka, akajifuta mikono. Nilishusha yale manne, nikayalaza. Watu sita hivi walikuwa wamekaa wakisubiri gari zao, wakasogea. Akapiga goti la kwanza. Akaegemea. Akafumba macho. Nilihisi furaha, siwezi kusema vingine, furaha safi kama ya mtoto aliyeficha kitu. Akapiga la pili, la tatu, la nne.

"Yanasimama haya," akasema. "Magumu kweli."

Nikafungua mdomo. Hapo tajiri akanishika kifundo cha mkono. Sikujua kama alikuwa amefika nyuma yangu. Yale matairi aliyajua. Yalimkaa kooni miaka tisa, na hata kwa dawa ya kung'arisha mtu hasahau hasara yake. Akaniinamia sikioni. "Nyamaza," akanong'ona. "Kazi ni yako."

Nikafunga mdomo.

Ningeweza kusema nilibanwa. Lakini nilipata nafasi ya pili, nayo hakunishika mtu. Mjomba aliinua tairi la kwanza kulipeleka kwenye mashine, akalitua chini, akaliinua tena. Akaja nalo nyuma ya mnara, nilipokuwa nimejificha.

"Macho," akasema kwa sauti ya chini, "hili jepesi. Plai kumi ina uzito wake. Hebu nisomee."

Niliinama. Nne ilikuwa pale, imejaa dawa nyeusi ya mkono wangu.

"Kumi," nikasema.

"Mwaka?"

"Wa mwaka huu, mjomba."

Akalipima tena mkononi. "Labda ni mimi nimechoka," akasema, na akalisukuma kwenda kufungwa.

Gari lilipokuwa tayari akapanda kiti cha pembeni. Mzigo wa kwanza wa kila tela alikuwa akienda nao mpaka chini ya mteremko, asikie matairi yanavyolia kwenye kona. Nilijua atapanda. Nilisimama mlangoni na kitambaa mkononi, nikawapungia.

Kilichotokea nilisimuliwa. Kona ya kwanza gari liliyumba, mjomba akamwambia dereva apunguze. Kona ya tatu ubavu wa nyuma kushoto ulikunjika, ukapasuka kuanzia kwenye zile nyufa nilizoziziba, na tela likachukua uongozi. Dereva alivunjika mtulinga. Mjomba alivunjika nyonga, na vioo na matofali vikamla mikono yote miwili. Tajiri alikuja dukani, akakusanya watu, akasema kwa huzuni nzuri sana, "Goti alichagua mwenyewe. Wote mliona." Na kweli wote walikuwa wameona. Dereva mwenyewe alikubali. Jioni hiyo tajiri alinipa ufunguo wa stoo, na kesho yake mteja wa kwanza akaniuliza mimi.

Siku ya tatu nilienda hospitali. Ningekosa, watu wangeuliza. Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda akimlisha uji kwa kijiko, kwa sababu mikono ya mjomba ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Aliponisikia alitabasamu, akageuza uso upande usio wangu, kisha akaurekebisha.

"Macho umekuja. Sijalala, mjomba. Fungua hicho kikabati."

Ndani kulikuwa na gazeti lililofunga kipande cha ubavu wa tairi, kikubwa kama sahani. Alikuwa amemwomba askari wa barabarani amletee.

"Plai kumi mpya haikunjiki vile," akasema. "Nimeliwaza hili mpaka kichwa kinauma. Miaka thelathini goti langu halijanidanganya. Ama namba ile ilikuwa ya uongo, ama uongo ni mimi. Nisomee tena. Polepole."

Nilikichukua. Dawa ilikuwa imechubuka kwenye lami na namba imebaki wazi kuliko ilivyokuwa dukani. Nne. Na pembeni yake mwaka, wa miaka tisa nyuma. Ningesema. Neno ni moja tu, tena fupi. Ila nilifikiria kaunta, nikafikiria mtu akiingia na kuuliza tena, "Goti yupo?"

"Kumi," nikasema. "Mwaka huu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mpe dada naye asome. Si kwamba sikuamini, mjomba. Hili jambo ni zito, acha nilisikie kwa watu wawili."

Mama alikuwa karani wa mapokezi maisha yake yote. Amesoma namba nyingi kuliko sote. Alivaa miwani. Wazazi wao walipokufa, mjomba ndiye aliyeacha shule ili yeye amalize. Alimlipia ada. Alinilea mimi baba yangu alipotokomea. Mama alikisogeza kipande kwenye mwanga wa dirisha na akakisoma, na nikaona anakisoma mara ya pili. Kisha akaninyanyulia macho. Sijawahi kumwogopa mtu vile, na nilimwomba kimoyomoyo, mama yangu mzazi, aseme uongo.

"Kumi, kaka," akasema. "Imeandikwa kumi."

Akakifunga kile kipande kwenye gazeti, akakitia kwenye mkoba wake. Akaenda kwenye sinki la pembeni, akafungua maji, akanawa mikono muda mrefu, akitugeuzia mgongo.

Machozi yalimtoka mjomba na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nilichukua kona ya shuka nikamfuta mimi.

"Basi ni mimi," akasema. "Mjomba, nifanyie jambo moja. Wale madereva wote niliowachagulia, watafute. Waambie warudi, uyakague matairi yao moja moja, huenda wanatembea na kifo. Na ile njia yangu usimfundishe mtu. Inaua watu."

"Sawa, mjomba."

Mama alikuwa bado ananawa. Mjomba akanitafuta kwa macho yake yenye ukungu, akanikosa kidogo, akatabasamu kuelekea ukutani.

"Afadhali kazi imebaki kwako," akasema. "Wewe unasoma."