Kura za Usenge

Dakta Nanyama Wafula alikuwa na uchovu ule usiotoka kwa usingizi. Alifundisha falsafa ya maadili na siasa katika chuo kikuu mjini Kisumu, na kwa miaka kumi na miwili, katikati ya kusahihisha mitihani na kuzika jamaa, alikuwa akiandika kitabu kimoja. Hoja yake ilikuwa fupi. Penye kitu kichache na wahitaji wengi, hakuna njia ya haki kuliko kura, kwa sababu kura haimjui mtu. Haihongeki, haina shemeji, haiogopi mkubwa. Waliosoma rasimu ya kwanza walimjibu kwa upole kwamba hoja ni nzuri ila inaelea hewani. Atafute watu wanaoishi hivyo. Ndipo alipokwenda Usenge, kando ya Ziwa Viktoria.

Ufuoni pale, wanawake wanaonunua omena, dagaa wa ziwani, walipanga zamu kwa kura. Aliona kwa macho yake, mara sita. Vizibo vya soda viliandikwa namba, vikatiwa kwenye karai, na kila mama akachovya mkono huku ameangalia kando. Mwenye namba moja alinunua kwanza mashua zilipotia nanga. Mwenye namba ya mwisho aliweza kurudi nyumbani na beseni tupu, na hakuna aliyenung'unika. Nanyama alikuwa hajawahi kuona haki ikiwa imetulia namna ile. Sura ya saba yote ilisimama juu ya vile vizibo.

Sura hiyo ndiyo aliyokuja kuwasomea leo, kwa kuwa alikuwa amewaahidi kwamba maneno yao hayatachapishwa kabla hawajayasikia. Kitabu kilitakiwa kwa mchapishaji Jumatatu. Alhamisi yake, kamati ya kupandisha vyeo ingeketi, na haingeketi tena kabla ya miaka mitatu. Yeye alibakiza miwili astaafu.

Aliwakuta wanawake wanane wameketi kando ya nyavu walizoanikia omena. Alisoma akitafsiri kwa Kiswahili, na Rosa Okinyi, mwenyekiti wao, akiwafasiria wazee kwa Dholuo, lugha yao, kila alipopumua. Mwanzoni waliitikia kwa vichwa. Alipofika kwenye vizibo, Maryanne akafunika mdomo kwa leso. Mwenzake akageukia ziwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwalimu," Rosa akasema, "hapo umeandika kura ni ya kila siku?"

Nanyama akasema ndiyo.

"Aii. Kura ni ya siku zako."

Hakuelewa, na Rosa akaeleza bila haraka, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Siku ile ya kwanza kabisa Nanyama alipofika, wanawake wawili walikuwa wameshikana mashati juu ya zamu, na kwa aibu ya kugombana mbele ya mgeni, Rosa akaokota vizibo. Mgeni akafurahi. Akaandika kurasa nne amesimama. Basi tangu hapo, kila alipopiga simu kwamba anakuja, nao walitafuta vizibo. Ukishaona mgeni anapenda kuku, utampa mboga?

Na alipiga simu kila mara. Kamati ya maadili ya chuo ilimtaka atoe taarifa wiki nzima kabla, asije akawavamia watu. Hakuwahi kuacha kuitoa hata mara moja.

"Na siku ambazo sipo?"

"Tunaongea. Nani amefiwa, nani mtoto yuko wodini, nani jana alikosa. Tunabishana mpaka mashua inafika. Wengine wananuna wiki mbili." Rosa akakunja miguu. "Hiyo kura yako haijui mtu, umesema mwenyewe. Sasa kitu haijui mtu itanigawiaje samaki?"

Nanyama alikuwa na jibu, kwa kweli, kurasa arobaini za jibu, na zote sasa zilimwia nzito kama nguo zilizoloa.

Rosa alipomwona akikunja karatasi zake, akamhurumia. "Wewe peleka tu, nyar Bungoma, binti wa watu. Nani atatoka Ulaya kuja kuuliza?"

Nanyama akasogea pembeni, akampigia Profesa Ondiek, mkuu wa idara yake, aliyekuwa ameshika faili lake la kupandishwa cheo. Ondiek alisikiliza, akapumua kwa nguvu. Alimshauri aongeze tanbihi. Neno "kila siku" aligeuze liwe "siku kadhaa," na si uongo, kwani siku sita ni kadhaa. Alisema haya kwa wema, sauti ya mtu aliyekwisha kuandika tanbihi nyingi za aina hiyo.

Nanyama alisimama na simu mkononi. Neno moja tu. Sentensi ingebaki kweli, na kitabu kizima kingekuwa uongo. Alitamani angekuwa mwanafizikia, aambiwe kilichokosea ni chombo cha kupimia, si ujio wake. Kisha, kabla uchovu haujamshawishi, akamwandikia mchapishaji kwamba anaiondoa sura ya saba, na kwamba bila hiyo kitabu hakijakamilika, wasimngoje. Akamtumia Ondiek maneno hayohayo. Hakujisikia shujaa. Alitafuta tu pa kukaa.

Aliporudi kwao walikuwa wameshamsahau. Maryanne alitaka aanze yeye kesho, mamake amelazwa hospitalini Bondo. Mjane wa Owiti, mmoja wa wale wanane, alisema mama wa mtu amelazwa tangu Pasaka, na je, wataendelea kumlisha Maryanne mpaka lini. Mmoja akacheka vibaya. Rosa akamkaripia, kisha naye akakaripiwa. Dholuo ilikwenda mbio, na Nanyama, binti wa Bungoma aliyezeekea Kisumu, alishika nusu tu.

Hakuuliza kitu. Alikaa juu ya karai lililofudikizwa, akasikiliza ile nusu, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kutazama kama mgeni amefurahi.