Leseni ya Kumjibu Filemoni

Je, wewe umewahi kuitwa ukanyamaza, si kwa kiburi, ila kwa sababu huruhusiwi kujibu? Mimi Stamili nimekaa hivyo miaka miwili na nusu.

Mume wangu Alfani, Mungu amrehemu, aliniachia mikorosho, mbuzi wanne na redio. Si redio ya taarifa ya habari. Ni ile ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali bila laini wala vocha. Ni ya kijivu, na kitufe chake kimoja kilipasuka akakibandika kwa gundi ya baiskeli. Waya wake unatoka paani mpaka mkorosho wa ukingoni, pale Newala inapokatika ghafla ukaiona nchi ya Masasi huko chini. Alfani alikuwa na leseni, mimi sina. Alinifundisha kuwasha, kutafuta sauti, hata kuchaji betri kwa sola. Kwenye kipaza sauti akaweka mpaka: "Sikiliza utakavyo, Mama Hamudi. Ila kubonyeza hapa uongee, mpaka ufanye mtihani."

Baada ya arobaini yake nikawa nawasha kila asubuhi huku namenya mihogo. Na kila saa kumi na mbili na robo ilikuja sauti nyembamba ya mzee.

"Hapa Filemoni, Lupaso. Redio nimeiunda mwenyewe, nguvu yake ndogo. Kuna anayenisikia?"

Kimya. Anarudia mara tatu, kisha anazima. Wenye leseni huku kwetu ni wa kuhesabu, na huko waliko hawampati. Mimi niliye ukingoni nampata yeye, kikohozi chake na jogoo wake.

"Bibi, si tumtafutie namba tumpigie simu?" aliniuliza mjukuu wangu Rahima, anayefundisha sekondari.

"Hakuuliza kama simu inafika, Rahima. Ameuliza kama redio yake inafika."

Mwezi wa tano yule mzee akasema neno lililonikosesha usingizi: "Ikifika mwezi wa tisa sijajibiwa, nashusha waya." Siku hiyo mihogo ilinilalia mapajani mpaka ikakauka. Nikamwambia Rahima aniandikishe mtihani.

Alicheka kwanza, kisha akaniandikisha. Mimi ni wa darasa la saba la zamani, na kukariri siwezi. Nikikariri jioni, asubuhi hakuna kitu. Kwa hiyo kila swali nililishika kwa mkono. Fyuzi niliijua nilipoichomoa nikaiona uzi wake umekatika. Urefu wa waya niliupima kwa kamba ya mbuzi.

Mtihani ulikuwa Masasi, kwenye darasa la shule, siku mbili, mwezi wa saba. Siku ya kwanza ya karatasi, ya pili ya vitendo. Tulikuwa sita, mmoja kijana wa Tandahimba aitwaye Ashraf, na simu yake imejaa maswali na majibu.

"Shikamoo Bibi. Umemsindikiza nani?"

"Marahaba. Nimekusindikiza wewe, usije ukapotea."

Karatasi ilikuwa na maswali thelathini, na ya kupita ni ishirini. Ashraf alipata yote. Mimi nilipata ishirini na moja. Nilihesabu tiki zile mara tatu kwa kidole.

Asubuhi ya pili msimamizi, Bwana Christopher, aliweka redio mezani. "Zamani tuliishia kwenye karatasi," alisema. "Tukatoa leseni kwa watu wenye cheti mkononi na pamba masikioni. Sasa kila mmoja, chini ya leseni yangu, aniletee mtu hewani, nimsikie."

Alipoiwasha ikalia trrrrrrr, mfululizo, kama mahindi kikaangoni. Ashraf alianza. Akapunguza sauti, mlio ukapungua na kila kitu kikapungua nao. Akaingia chini ya meza, akachomoa waya, akachomeka. Akatoka na vumbi kichwani.

"Waya umeungua, mkuu."

"Umejuaje?"

"Kwenye maswali, kelele ilikuwa jibu la c."

Watu walicheka. Waliofuata nao wakashindwa, hata Bwana Christopher mwenyewe akawa anaitazama betri kwa mashaka. Ikafika zamu yangu. Nikafumba macho. Ule mlio mbona naujua? Kila mwezi wa saba, asubuhi yenye umande, unakuja kwangu Newala hivyohivyo. Nikavuta pumzi, na dirishani ikaingia harufu ya salfa, ile dawa ya mikorosho.

"Naomba nitoke nje kidogo."

"Mama Hamudi, muda wako unakwenda."

"Najua, baba."

Nikauzunguka ukuta. Ng'ambo yake mtu alikuwa akipulizia mikorosho, mashine mgongoni, uso umejaa unga wa njano.

"Mwanangu, zima dakika tano."

"Bibi, umande ukikauka salfa haishiki!"

"Dakika tano tu. Nafanya mtihani."

Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe?" Kwa mshangao ule, akazima. Papo hapo nikasikia kelele za furaha kutoka darasani.

Niliporudi Bwana Christopher alikuwa amesimama. "Eleza."

"Mashine ile ni ya petroli, ina plagi, plagi inatoa cheche. Cheche nayo ni redio, ila yenyewe haina leseni."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha nikakaa mbele ya kipaza sauti, nikanyamaza.

"Mbona huongei?"

"Napiga hodi kwa masikio kwanza. Pengine ndani kuna watu wanazungumza."

Nikaita, akanijibu mtu wa Mtwara. Bwana Christopher akaandika neno moja kwenye fomu na kuigeuza nilione: Amefaulu. Nililia, sioni haya kusema. Ashraf aliambiwa arudie vitendo, nikamwambia aje kwangu akae wiki moja akisikiliza tu.

Leseni ilichelewa. Agosti ikaenda, kila asubuhi mzee anaita, sauti inazidi kuchoka. Ilifika tarehe thelathini, Rahima akaja nayo kwenye bahasha, anakimbia kama mtoto.

Kesho yake niliwasha mapema. Mihogo sikuigusa. Saa kumi na mbili na robo jogoo akawika kwanza, kisha yeye.

"Hapa Filemoni, Lupaso. Kuna anayenisikia?"

Nikangoja amalize. Nikangoja kidogo tena, asije akawepo mwingine. Kisha nikabonyeza.

"Shikamoo Mzee Filemoni. Hapa Stamili, Newala. Nakusikia. Nimekusikia siku zote."