Mikono ya Mzee Sharubu

Kengele ya kiwandani ilipolia asubuhi, Mzee Sharubu alikuwa mezani kwake na chai ilikuwa bado ya moto. Mkewe akampokonya kikombe upesi, maana alijua kinachofuata. Mikono ya mzee ikanyanyuka yenyewe: wa kushoto ukazungusha gurudumu lisilokuwapo, wa kulia ukavuta wenzo usioonekana. Mkewe akamnywesha chai kwa kijiko huku akimpa habari za jirani.

Alikuwa amestaafishwa mwaka uliopita. Kabla ya hapo alikuwa mkereza vyuma, fundi wa kuvichonga kwa mashine, na hakuna aliyekereza ekseli kama yeye. Siku moja wakaja watu na utepe, mfano wa ule wa kunasia nyimbo, wakaufunga kwenye mashine yake na kumwomba afanye kazi kama kawaida. Akafanya, tena akajitahidi, kwani wageni ni wageni. Kesho yake mashine ikakereza peke yake, na mzee akaagwa kwa soda na hotuba. Hotuba iliisifu mno mikono yake. Mwenye akili angeshtuka palepale.

Dosari ilikuwa moja. Mzee alizoea kupapasa sharubu zake kila alipomaliza kipande. Sasa mashine nayo, ikimaliza ekseli, ilinyanyua mkono wake wa chuma, ikapapasa hewa, kisha ikaendelea na kazi. Nyumbani, wakati uleule, mkono wa mzee ulizipapasa sharubu zenyewe.

Mkewe alikwenda kulalamika. Meneja alimsikiliza kwa adabu, akaeleza kwamba kiwanda kilichukua mwendo tu. Mikono walimwachia mwenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa kiwanda kinajali usalama, alimpa jozi ya glavu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mama yule hakuwa mtu wa kuyazoa. Alimwekea mumewe beseni la nguo chini ya mikono. Mashuka yalitoka safi, ila yamesokotwa kama skrubu.

Baadaye utepe ukahamishiwa kwenye kompyuta. Kwa kuwa kompyuta hailali, kengele iling'olewa, na mikono ya mzee ikawa inakereza usiku na mchana. Mwezi huohuo binti yao akajifungua, na mzee akataka kitu kimoja tu duniani: kumpakata mjukuu wake.

Haikuwezekana ila umeme ukikatika. Mtaa mzima ukiguna, nyumba hii ilipiga vigelegele. Binti alikimbia na mtoto kutoka chumbani, mzee akampakata, na mkewe akasimama karibu tayari kumdaka mtoto umeme utakaporudi. Kisha kiwanda kikanunua jenereta.

Wakatafuta maarifa mengine. Ekseli ikikaribia kwisha, binti alimwinua mwanawe hadi usawa wa sharubu. Mkono ukija, uliteleza juu ya kichwa cha mtoto, mara moja, taratibu. Mzee alifurahi hadi machozi yakamtoka, na mkewe akamfuta, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Mke wangu," alisema, "hapa tu ndipo mkono unapokuwa wangu."

Siku moja fundi wa kompyuta alipita kukagua glavu. Alikuwa kijana mpole, akavua viatu mlangoni. Akanywa chai, akatazama mkono ukipanda kwa mtoto na kushuka, uso wake ukang'aa. Kumbe dakika walizokuwa wakizitafuta kiwandani zilikuwa zinapotelea hapa. Akaahidi kwamba wataifuta harakati hiyo ya kupapasa Jumatatu na mzee hatasikia maumivu yoyote.

"Mwanangu, hiyo iacheni," mke wa mzee alisema. "Chukueni nyingine yoyote."

"Mama, nyingine zote zina faida," kijana akajibu, akashukuru kwa chai.

Jumatatu binti alimwinua mtoto kama kawaida. Ekseli ikaisha, mikono haikupanda. Ikaanza nyingine palepale. Mtoto alisubiri, akimkodolea macho babu yake. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, akazipapasa sharubu za mzee, mara moja, taratibu, kama fundi aliyemaliza kipande.

Mzee akacheka, mikono ikiendelea na kazi. Kiwandani walivuka lengo kabla ya saa sita.

Bibi yake mtoto hakucheka. Alikwenda kufunga mlango, akarudi na shali.

"Mfunike mikono huyo," akamwambia bintiye, "wasije wakamnasa na yeye."