Pale Jiwe Lilipopasuka

...hapo hapo, dada, bana hivyo hivyo mpaka ishike, ananiambia fundi, nami nimebana, viganja vyote viwili juu ya kipande cha kaunta ya jiwe kilichomeguka kando ya sinki, gundi inanuka hadi utosini, ameichanganya na unga wa jiwe lenyewe ili rangi ifanane, na simu iko juu ya friji, sauti imefunguliwa yote, kaka yangu anaongea, ndiyo kazi yake tangu mama aanze kusahau, kuongea kutoka mbali... "Unanisikia? Tia kitasa mlango wa jiko, yaishe. Juzi kapasua jiwe, kesho atapasua kichwa"... nakusikia, kaka, nakusikia, na ni kweli nilimkuta juu ya kaunta, mama yangu mzima, pekupeku, anatafuta kopo la chai kwenye rafu tuliyoing'oa zamani, jiwe likalia ko! chini yake, pale penye tundu la sinki palipo pembamba, nikamkumbatia miguu, nikamshusha, naye ananipiga mabegani, ananiita mwizi... jiwe lililostahimili visu, sufuria za moto, na mimi na kaka utotoni tukining'iniza miguu huku mama akikata vitunguu, shukeni, hiki si kiti, na hashuki mtu... "Tatizo lako unamwonea huruma," anasema kaka, huruma, laiti ungejua, ulipotaja kitasa tu mimi nilishusha pumzi, nikaona kitanda, nikajiona nimelala fofofo, kisha nikamwona yeye upande wa pili, anagonga mlango wa jiko lake, anabisha hodi nyumbani kwake... "Nani kavunja jiwe langu?" Ni mama, mlangoni, sweta kaivaa nje ndani, fundi ameinamia kopo lake la gundi kama anasoma humo... "Ni mimi, mama." "Wewe?" "Nilipanda juu." "Na ukubwa wote huo!" anasonya, "ungeanguka je?" na fundi kashindwa, kicheko kimemtoka puani, nami nacheka, machozi yanatiririka na mkono wa kuyafuta sina, mama anasogea, anaweka kiganja chake juu ya changu, anakandamiza kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, "usilegee, we mtoto," we mtoto, leo si mwizi... "Mbona mnacheka?" kaka anauliza, "kuna nini huko?" sauti imekuwa ya mtoto aliyefungiwa nje mchezo ukiendelea, na mimi nasikia mdomo wangu ukisema kabla sijaupa ruhusa, "Kitasa sitaki. Nakutaka wewe. Njoo ukae naye, nilale, kaka, nimechoka, nimechoka mwenzio"... kiti kinakwaruza huko kwake, kisha pumzi, kisha kitu kama kikohozi ambacho si kikohozi, na mama, mkono wake ungali juu ya wangu, anageuza sikio kuelekea friji, ananinong'oneza, nani huyo analia.