Neno la Dirishani kwa Penina

Asubuhi ya kung'oa maharage ya Penina, majirani wa kijiji cha Daa walikuja kumsaidia kama ilivyo kawaida yao. Walipita chini ya dirisha alikolala mtoto wake, Angel, na hakuna aliyefika shambani.

Kifuani mwa mtoto lilikuwa likitoka neno moja, likijirudia bila kituo. Lenyewe halikuwa baya. Ila kila lilipojirudia lilitaka mtu wa kulisikiliza, na aliyesimama kulisikiliza hakuondoka tena. Emmanueli alisimama, na Lukresia nyuma yake. Jua lilipopanda, mstari ulikuwa umefika zizini.

"Sogea basi, unanikanyaga," alisema Lukresia.

"Nisogee wapi? Wewe angalau umenasa kivulini," alijibu Emmanueli.

Germana, mama yake Penina, alikufa akiwa na neno hilo hilo. Kwake lilikuwa fupi. Lilimsimamisha jirani mmoja tu. Kwa Penina lilirefuka, na mkono wake ukishika kitu huchelewa kuachia. Kwa Angel lilirefuka mno.

Daktari wa Karatu mjini alikuwa ameeleza bila kuficha. "Linanakiliwa ndani ya seli za mwili. Likirithiwa, huweza kurefuka. Nakala zake zinawanasa wafanyakazi wa seli, kazi zao nyingine zinalala. Ndiyo maana mtoto hana nguvu ya kunyonya."

"Dawa ya kulifuta?"

"Bado, mama."

Mchana maganda ya maharage yalianza kupasuka kwa jua, punje zikamwagika. Waliosimama waliyasikia, wakasikitika, wakaendelea kusimama. Watoto wao waliwaletea ugali na mablanketi.

Mama mkwe wa Penina, Leonida, hakuwa amempakata mjukuu huyu tangu azaliwe. Alisema kina Penina ni ukoo wa wachoyo: Germana alikuwa anakupa kibuyu cha pombe huku amekishikilia, na Mungu ameona. Penina aliamini kwamba Leonida akijua ukweli atambeba mtoto, hata mara moja.

Jioni Leonida alikuja kuwagombeza wavivu, akanasa mwishoni mwa mstari. Penina akamwendea, akamweleza yote ya daktari, polepole. Leonida alisikiliza hadi mwisho.

"Pole, mwanangu. Kumbe ni ugonjwa."

Penina akaenda kumletea chai. Leonida alikishika kikombe, lakini vidole vya Penina havikuachia. Walikaa hivyo, mikono yao miwili kwenye kikombe kimoja, chai ikipoa. Leonida akavumilia kidogo, kisha akakivuta.

"Kama mama yake kabisa," alimwambia Lukresia kwa sauti, kutoka mwisho wa mstari. "Hata chai."

Lukresia akacheka kidogo, akageukia dirishani asipitwe na zamu yake ya kusikiliza.

Penina aliingia ndani, akamfunika Angel vizuri, akatoka naye na kumnyooshea bibi yake. Leonida alikuwa ameshaingiza mikono yote miwili ndani ya blanketi alilojifunika, akisema baridi ya Daa imezidi mwaka huu.