Gugu la Mpakani kwa Jilala

Miaka mitatu Levina alingoja Jilala aumbuke, na siku yenyewe ilipofika alivaa kitenge chake kipya.

Gugu karoti lilitokea kwanza shambani kwa Levina, lina majani kama ya karoti na maua meupe madogo madogo. Ng'ombe wake wawili walilila, maziwa yakawa machungu kama shubiri, na wateja wake wa Igunga mjini wakamkimbia. Aling'oa shina moja akalipeleka ofisi ya kijiji, kama bwana shamba alivyokuwa amewaagiza: mkiona mmea mgeni, leteni. Mwenyekiti Jilala alilitupa dirishani. Alijua fika kwamba taarifa ikifika wilayani mnada wa ng'ombe utafungwa ili mbegu zisienee, naye ndiye mwenye ng'ombe wengi. Akawatangazia watu kwamba Levina amechanganyikiwa tangu afiwe na mumewe, na watu wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichomkaa kooni.

Basi akaamua kumkomoa. Huku kwetu magugu yakishang'olewa hutupwa mpakani yakauke. Levina alingoja mbegu zikomae, ndipo akaling'oa na kulirusha upande wa Jilala, waliyepakana naye shamba, kapu baada ya kapu, misimu miwili. Mikono ilimwasha ikatoka vidonda. Aliona raha, tusidanganyane.

Sasa wilaya za Igunga na Nzega zilikuwa zimeunda kikosi kimoja cha kulitokomeza, maana gugu lilishaonekana pande zote mbili. Maofisa walipita shamba kwa shamba, na kwa Jilala walilikuta limejaa hadi zizini. Jilala aliapa hajawahi kuliona wala kusikia habari zake. Zizi likafungwa papo hapo: hakuna ng'ombe kutoka, hakuna kwenda mnadani. Alikaa juu ya jiwe, kofia mkononi, na Levina akamtazama mpaka akatosheka.

Kisha Benedikta, ofisa wa Nzega, akasema bila shaka ng'ombe wa Jilala ndio walioleta mbegu kutoka mnadani. Kwa hiyo watu wote na dawa yote ya magugu vitapelekwa kwenye njia ya mnada kabla ya mvua, na kijito cha mpakani kitasubiri mwakani.

Levina alikijua kijito hicho. Kilipita palepale alipotupia magugu, kikateremka hadi Nzega, kwenye majaruba ya mpunga ya watu ambao hawakuwahi kumcheka. Mvua zikinyesha, mbegu zote zingewafikia. Lakini akinyamaza, Jilala ataangamia peke yake, kama alivyomwombea kila alipopiga magoti. Aliufaidi ushindi wake kidogo.

"Anzieni kijitoni," alisema hatimaye. "Hizo mbegu nilizitupa mimi, tena makusudi."

Jilala aliinua kichwa, uso umechangamka. Benedikta alifungua daftari taratibu, akamuuliza Levina kama anaelewa kwamba zizi lake nalo litafungwa, na kwamba anaweza kushtakiwa. Levina alisema anaelewa.

"Niandike, mwanangu. Ila andika kwanza kwamba nililileta gugu hili ofisini likiwa shina moja, na huyu akalitupa. Jina lake litangulie, langu lifuate."

Benedikta akaandika. Levina alisogea begani kwa yule ofisa, akasoma mstari kwa mstari, mpaka akahakikisha jina la Jilala limetangulia.