Sauti za Mzee Ndani ya Diski

Mume wangu alikuwa mpiga mnada wa nguo za mitumba. Akipaza sauti, mtu aliyekuja sokoni kununua vitunguu alirudi nyumbani na koti, vitunguu kasahau. Sasa ni mwezi wa tano tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, na kinywani mwake limebaki neno moja tu: bado. Umeshiba? Bado. Umelala vizuri? Bado. Mimi ni nani? Ananitazama, machozi yanamlenga, halafu: bado.

Mwalimu wa kuzungumza, yule mama wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema upya, alituambia tumletee sauti ya mzee mwenyewe, ya zamani. "Sikio lake likimsikia yeye mwenyewe," alisema, "huenda ulimi ukakumbuka njia." Akatupa siku ya Alhamisi.

Sauti tulikuwa nazo. Mjukuu wetu wa kike, anayeishi nasi, alikuwa na mazoea ya kumtegea babu yake simu kila wanapokaa barazani kutegana vitendawili. Miaka minne! Rekodi mia mbili na kitu. Simu ikajaa, akazihamishia kwenye kompyuta. Kompyuta ikajaa, akazihamishia kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi kidogo kuliko sabuni ya mche, na huko kwingine akazifuta ili kompyuta ipumue. Mimi nilimtega: sanduku dogo halina mlango, ndani watu wanaongea. Akacheka, akasema, "Mke mwenzangu, hicho hata mume wetu hakijui."

Akanionyesha na adabu zake. Diski haichomolewi hivi hivi. Kuna alama ndogo pale chini ya kioo, unaibonyeza, unachagua kuiondoa, unasubiri kompyuta ikuambie sasa ni salama. Ikikataa, ujue kuna kitu bado kinaitumia. Funga vyote, jaribu tena. Ikikataa kabisa, zima kompyuta, ndipo uchomoe. "Na taa ikiwa inapepesa, Bibi, usiiguse. Bado inaandika."

Nilimsikia. Sisemi kwamba sikumsikia.

Jumatatu mchana alikuwa anazipanga zile rekodi na kuzipa majina. Akatoka nje kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Sasa, nyumba hii ina sheria, na sheria niliiweka mimi: ngurumo ya kwanza, kila kilicho ukutani kichomolewe. Radi ilishatuunguzia friji, ikarudi ikachukua televisheni. Kwa hiyo iliponguruma nilianza kazi yangu ya siku zote. Pasi, chaja, redio, kompyuta. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilivuta na ule waya mwembamba, kisanduku kikateleza mezani, kikaanguka sakafuni. Kilipofika chini kilikuwa bado kinavuma kama nyuki kwenye chupa. Halafu kikanyamaza. Nikakiokota, nikakifuta vumbi, nikauviringisha waya wake, nikakiweka kabatini. Mvua yenyewe haikunyesha.

Jioni mjukuu alikichomeka. Kikalia tik, tik, tik. Akabadilisha tundu. Tik, tik. Akabadilisha waya. Akaenda kwa jirani mwenye kompyuta mpya, akarudi midomo imekauka. Kompyuta ya jirani ilikuwa imemuuliza kama anataka diski iandaliwe upya ndipo itumike.

"Si ungekubali tu?" nikasema.

"Bibi! Hiyo ni kuchoma nyumba ili upate nafasi ya kufagia."

Nilijifanya nachambua mchele ambao nilishauchambua asubuhi.

Jumatano tulikwenda kwa fundi kompyuta, kijana wanayemwita Miwani. Kibanda chake kimejaa matumbo ya mashine. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akakichomeka kisanduku, akakiweka sikioni kama mkunga anayesikiliza tumbo. Uso wake ukabadilika.

"Hii imechomolewa ikiwa kazini. Na imeanguka. Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema mjukuu wangu.

"Dada, na kusoma kote huko! Humo ndani mna sahani inazunguka mbio, na sindano inaisoma kwa juu. Umeiangusha, sindano imekwaruza sahani. Mtoto mdogo ningemwelewa."

"Nimekosea, fundi."

Nami nilikuwa pale, nimekaa kwenye kiti cha heshima, mkoba mapajani.

Miwani alihangaika nacho tangu saa nne hadi saa tisa. Akafanikiwa kupata majina ya rekodi, yote, yamejipanga kwenye kioo: Babu na kobe. Babu anacheka hadi anakohoa. Babu amtania Bibi. Kila alilobonyeza lilikuwa tupu. Akazima, akavua miwani. "Bibi, nisikudanganye. Wapo wenye vyumba maalumu vya kuifungua diski, lakini kwa mkwaruzo huu, hata wao watakurudishia pole."

Tukiwa njiani nikasimama. "Ni mimi niliyechomoa."

"Najua," akasema, bila kunitazama. "Waya ulikuwa umeviringishwa na kufungwa uzi. Nani mwingine hapa duniani anafunga waya uzi?"

"Sasa kwa nini ukabeba wewe?"

"Ningekuacha utukanwe mbele za watu, Bibi?" Tukatembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Ingekuwa heri angenifokea.

Alhamisi mwalimu alitusikiliza, akasema tujaribu kwa sauti ya mtu wake wa karibu. Basi mchana ule mjukuu alinishikia simu, nikavisema vitendawili vya mzee mmoja mmoja, nikiigiza madaha yake, hata kile kikohozi chake cha kabla ya jibu. Tukamwekea sikioni.

Alisikiliza viwili. Cha tatu kilipoanza, aliinua mkono wake mzima, akaisogeza simu taratibu mpaka ukingoni mwa kitanda, akageuzia uso ukutani.

Mjukuu aliniuliza kama tujaribu tena kesho. Nikamwambia aizime. Kisha nikakaa pembeni yake mzee, nikausugua mgongo wake, naye akauacha usuguliwe, kama mgongo wa mtu asiyekuwepo.